Jukwaa Tulilolijenga kwa Majembe

Ukichora mstari wa uwanja usiangalie kopo la chokaa. Angalia kigingi cha mbele, utembee kama mtu anayekwenda kupokea komunyo, bila haraka na bila kugeukageuka. Ukiangalia kopo, mkono unafuata jicho, na mstari unakuwa kama njia ya mlevi. Nalisema hili kwanza kwa sababu Jumamosi iliyopita nilipita uwanjani nikitoka jumuiya, nikauona huo mstari wenu wa goli la kusini, wanangu. Nilifanya ishara ya msalaba, nikaendelea na safari.

Mimi ndiye Mama Deo. Nilitunza uwanja wa klabu yetu ya Mavuno, hapahapa Sumbawanga, tangu nikiwa binti mpaka mgongo uliponistaafisha. Hamsini sijafika, lakini huu mgongo una themanini. Ninyi mnaoutunza sasa mlikuja nyumbani mkaniambia, "Mama, tuandikie namna ulivyokuwa unafanya." Haya, naandika. Ila msitegemee mpangilio. Mimi nimesoma ngumbaru, madarasa ya jioni, Deo akilia mgongoni, na nitaeleza vile yanavyonijia.

Siku hizi chokaa ipo, unaingia duka lolote Majengo unatoka na mfuko. Wakati naanza kazi chokaa ilikuwa ya kusikia. Tulichora kwa majivu. Sasa majivu na upepo wetu wa Juni na Julai si mnaujua, unachora asubuhi, mchana mistari yako iko Zambia. Aliyenifundisha kazi, Mzee Fransisi, akapata dawa. Akachanganya majivu na uji mwepesi wa ulezi, eti ushike. Ukashika kweli. Mistari ikakauka ikang'aa, tukakaa kando tunajisifu. Kabla ya mechi wakapita mbuzi wa jirani, wakalamba boksi lote la kusini, hawakuacha hata alama ya penalti. Refa akaja, akatazama, akauliza, "Mzee, boksi liko wapi?"

"Limeliwa," Mzee Fransisi akajibu, hata hacheki.

Kwa hiyo uji hapana. Maji tu, hata chumvi kidogo usitie, maana ng'ombe nao wanaipenda. Na chokaa mbichi iloweke, ipoe, ndiyo utumie. Ikimpata golikipa jichoni utajibu mbele ya Mungu.

Mstari mrefu wa pembeni unatosha fungu moja la rozari. Mimi nilikuwa naenda nalo hivyo, Baba Yetu kwenye kona, Atukuzwe kwenye kona ya pili. Mzee Fransisi alikuwa ananitania, "Mama Deo, ukisahau sala mstari utakatika?" Nikamwambia ndiyo. Na sikumdanganya. Siku ambayo kichwa hakijatulia, mstari unasema.

Sasa niwaambie habari ya uwanja wa mpira wa pete, kwa sababu najua hamjui kama ulikuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Shirika la umma lililokuwa likiilea klabu lilikuwa limeuzwa, waliolinunua hawakutaka habari za mpira. Klabu ikabaki kama mtoto aliyeachwa sokoni. Akaichukua Bwana Salumu, mwenye maduka pale Majengo na maroli ya kwenda Kasesya kule mpakani. Wengine walinong'ona anatafuta jina. Mimi niliona mtu aliyekuja uwanjani akavua viatu akakanyaga majani kuona kama yana mchanga. Nikampenda kwa hilo.

Mwaka huohuo ndipo nilipompata Kabula.

Nilikuwa nafagia. Nikasikia ng'ombe. Kugeuka, kundi zima linakata katikati ya uwanja, majani ya ukoka niliyoyapanda kwa mikono yangu wanayang'oa kama wamealikwa. Nikakimbia na fagio. Mbele yangu binti mrefu, mwembamba, ana fimbo begani. Aliponiona nakuja akaokota bonge la udongo, akalirusha juu ya kundi zima, likapita mgongo mmoja mmoja, likatua puani kwa lile dume la mbele. Dume likageuka. Kundi likageuka nalo.

Nikasimama na fagio langu.

"Shikamoo mama. Samahani, sikujua kama ni shamba."

"Marahaba. Siyo shamba, ni uwanja."

"Mbona mmezungushia miiba?"

"Tunalinda majani."

Akatazama majani, akanitazama mimi. "Mnapanda majani, halafu mnafukuza ng'ombe?" Akacheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili.

Wale ni watu waliohamia kutoka kule kaskazini na mifugo yao. Baba yake, Mzee Masanja, alijenga nje ya mji. Nikamwambia binti, kesho njoo, nina kitu cha kukuonyesha. Nilikuwa na kikosi cha wasichana wa mpira wa pete, tulicheza kando ya barabara ya mashineni, pete yetu ilikuwa ringi ya pipa juu ya mti. Akaja, akarusha mara ya kwanza, mpira ukaingia. Akarusha tena. Wenzake wakaja kusimama nyuma yake. Ninyi mmeona wafungaji, mnawaona kwenye televisheni. Mimi sijamwona mwingine anayerusha mpira kama anauweka kwenye rafu.

Lakini Mzee Masanja hakutaka. Nilimfuata kwake, nikamkuta anapaka dawa ndama.

"Mama, mimi sina neno na mchezo," aliniambia. "Neno langu ni barabara. Maroli yanapita, wanaume wanasimamisha, wanaangalia mabinti wanavyoruka. Mkipata mahali penye uzio, atacheza. Uzio usipokuwepo, arudi kwenye ng'ombe."

"Baba, uzio utakuwepo," nikasema. Nilisema kwa imani tu. Hata tofali moja sikuwa nalo.

Na Mungu akasikia haraka. Bwana Salumu akaitisha mkutano. "Timu kubwa haziji kucheza kwenye malisho," akasema. "Wanataka uzio, wanataka jukwaa. Tunapanua. Na tukishapanua tusicheze mpira wa miguu peke yake kama watu wa jicho moja. Tuweke pete, tuweke wavu, hata mbio. Watoto wetu wa kike nao wawe na kwao." Nilipiga makofi mpaka kanga ikaanguka.

Uzio tukaujenga kwa matofali ya kuchoma, kila mwanachama alileta ya kwake. Ndani ya uzio, upande wa mashariki, tukapewa uwanja wa pete. Sikilizeni namna tulivyoutengeneza, maana siku moja mtahitaji. Tulileta udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaupiga kwa vipande vya magogo mpaka ukawa kama sakafu. Kabula akasema vumbi bado litatoka, akaleta samadi mbichi ya kwao, tukaupaka wote kama tunavyopaka nyumba. Mashati yalinuka wiki nzima. Lakini ule uwanja, wanangu, mpira ukidunda ulikuwa unasema *puu*, sauti nzito, safi. Mpaka leo nikiwa napika, mtoto wa jirani akidundisha mpira kwenye sakafu, mwiko unasimama mkononi. Nasubiri ule mdundo. Hauji.

Nusu duara ya goli ndiyo ngumu. Inataka watu wawili, mmoja ashike kigingi chenye kamba, mwingine azunguke na kopo, na yule wa kigingi asiongee. Kabula ndiye alikuwa ananishikia. Hakuwa anaongea hata kidogo, anashikilia kigingi kama anamshikilia ndama.

Basi, likabaki jukwaa. Bwana Salumu akasema saruji inatoka Mbeya, na barabara ya Mbeya mnaijua, roli likiondoka na mvua linafika na jua la msimu mwingine. Mzee Fransisi akasimama, akapiga chafya ya ugoro.

"Sisi Wafipa saruji ya nini? Ntumba si tunainua?"

Vijana wa mjini mmesahau kulima, nawaeleza. Ntumba ni vile vilima vyetu vya shamba. Unakata bonge la udongo na majani yake, unaligeuza majani yaelekee ndani, unapanga mabonge kwa mzunguko, unapandisha, kinakuwa kilima kizuri, kigumu nje. Kila aliyekuwa kwenye ule mkutano alikuwa ameinua ntumba tangu anajifunza kushika jembe.

"Mzee, kilima hicho kitakaa?" Bwana Salumu akauliza. Kwao ni watu wa biashara, shamba wanaliona wakipita na roli.

"Kitakaa! Umewahi kuona ntumba imeanguka?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nami nilipiga. Na ni kweli, hakuna aliyewahi kuona ntumba imeanguka. Kwa sababu ntumba tunaibomoa wenyewe msimu ukifika, hatuisubiri ianguke. Katika watu wote wale hakuna aliyekumbuka hilo. Tulikuwa tumelijua mno kiasi kwamba hatukuliona.

Tukaja na majembe kama tunakwenda kwenye kazi ya kijiji. Wanaume walitaka pombe ya ulezi, mimi nikawapikia togwa, wakanuna, wakainywa yote. Mabonge yakapandishwa safu kwa safu, marefu kutoka kona hadi kona, nyuma ya uwanja wa pete. Mzee Fransisi alikuwa anapita anapiga kila bonge kwa mgongo wa jembe, anaimba. Siku ya kwanza kukaliwa watu walijaa mpaka juu, na wale wa juu waliona mpira wa miguu mbele kabisa na mpira wa pete hapo miguuni pao. Wanaume waliokuwa hawajawahi kuangalia pete wakajikuta wanaangalia, kwa kuwa iko karibu. "Yule twiga ni nani?" wakaulizana. Kabula akawa na washangiliaji. Kiangazi kile chote ndicho ninachokitamani. Nikiulizwa mbinguni nataka nini, nitajibu kile kiangazi.

Mvua zikaja. Majani yaliyokuwa ndani ya jukwaa yakafanya kazi yake. Yakaoza.

Halikuanguka siku moja. Lilianza kushuka katikati kama mkate uliotolewa kabla haujaiva. Safu ya juu ikawa chini ya safu ya pili yake.

"Wee mzee, toa kofia, hatuoni!"

"Kofia gani? Mimi nimezama, niinueni!"

Mabonge mengine tuliyakata kwenye mashamba ya zamani, yalikuja na mbegu zake, basi jukwaa likaota maboga na maharage. Shabiki mmoja akaniuliza, "Mama Deo, haya majani ya maboga ni ya klabu au ya aliyekaa hapo?" Nikamwambia ni ya mtunza uwanja, nikayachuma nikaenda kupika. Tulicheka sana. Tulikuwa hatujui tunacheka nini.

Kisha ikanyesha siku mbili mfululizo, tukakuta jukwaa limelala. Namshukuru Mungu haikuwa siku ya mechi. Lilikuwa limelalia nusu ya uwanja wa pete, tope tupu, maua ya maboga juu.

Mzee Fransisi nilimkuta pale na jembe lake, ameanza kuondoa tope peke yake. Akachota udongo, akaunusa, akanipa. "Nusa, Mama Deo. Udongo huu ungezaa ulezi mpaka watu wakimbie." Akacheka. Kisha akakaa juu ya lile tope na suruali yake safi. "Nimewajengea shamba," akasema. Mungu amrehemu, hakupenda tena kuja siku za mechi. Alikuja siku za kazi tu.

Bwana Salumu akasema sasa tunajenga kwa mawe. Mawe yapo Ufipa, si ya kuagiza Mbeya. Lakini jukwaa la mawe linataka kitako kipana, na upande wa nyuma kuna uzio na barabara. Kwa hiyo kitako kije mbele. Mbele ni uwanja wa pete.

Nikasimama kwenye mkutano. "Mwenyekiti, ulisema watoto wa kike wawe na kwao."

"Nilisema, Mama Deo, na bado nasema. Watarudi barabarani kwa muda tu. Nitawanunulia jezi."

"Jezi za kuvaa wapi?"

Watu wakaguna. Yeye hakukasirika. "Mama, ligi inaanza kiangazi. Tukikosa jukwaa hawatusajili. Klabu ikifa, pete itachezwa wapi? Wallahi, sina pengine pa kuliweka." Nami nikamtazama, nikaona hadanganyi. Hilo ndilo lililonichosha. Ningemkuta mwongo ningejua la kufanya.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Masanja kabla hajasikia kwa watu. Nikasema yote. Nikasema, "Baba, Kabula akae kwangu. Ana kitanda, wanangu ni wadogo zake, tutasali naye, atacheza."

Akaniuliza, "Atachezea wapi?"

Akaendelea mwenyewe, "Ng'ombe wanashuka bondeni kule mbali mwezi huu, malisho ya huku yamelimwa yote. Nilikuwa nimwache kwa ajili ya huo uzio. Sasa atashuka nasi."

Kabula alikuwa mlangoni, amesikia. Kesho yake alikuja mazoezini mapema kuliko siku zote.

Ijumaa nilichora mistari. Si kwamba nilikuwa na hila. Ijumaa ni siku ya kuchora, na uwanja ulikuwa bado upo, tulishauondolea tope na kuupaka upya. Nilichora ile nusu duara vizuri kuliko zote, Kabula kashika kigingi. Nikiwa nasuuza kopo likaingia roli la kwanza la mawe. Dereva, kijana wa Majengo, akaja mpaka kwenye mstari akasimama. Akateremka, akaangalia.

"Mama, kuna mechi?"

"Hakuna aliyeniambia nisichore," nikamjibu.

Akakuna kichwa. "Sasa mimi nikanyage mistari mibichi? Hata mama yangu angenipiga." Akarudi nyuma, akamwaga mawe kando, nje ya mstari. Na maroli yaliyofuata yakamwaga alipomwaga yeye. Tukapata siku moja zaidi, Jumamosi.

Nikatuma ujumbe kwa basi la asubuhi, wasichana wa Namanyere wakaja kucheza nasi na basi la mchana, wengine na kanga za shambani. Watu wakasikia, wakajaa, wakakaa juu ya malundo ya mawe. Nimeona mechi kubwa, wanangu, nimeona timu za Dar zimeteremka hapa na mabasi yenye vioo vyeusi. Sijaona uwanja ulionyamaza kama ule kila Kabula alipoinua mikono.

Mzee Masanja alikuja. Sikumwita. Alikaa juu ya jiwe na fimbo yake kati ya magoti, nami nikaenda kukaa karibu. Mwanzoni alikuwa anaangalia watu wanavyomwangalia binti yake. Kisha akaacha kuangalia watu. Kabula akafunga moja akiwa ameshaanza kuanguka, mzee akasimama bila kujua kama amesimama.

Mechi ilipoisha hakuondoka. "Nilidhani ni kuruka tu," akaniambia. "Ana jicho la babu yake." Akachora chini kwa fimbo. "Hapa pangebaki, ningemwacha. Ningekwenda nikamwacha. Jumatatu hapa kuna nini?"

"Mawe, baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

Jumapili, baada ya Misa, nilikwenda dukani kwa Bwana Salumu. Nilimweleza maneno ya mzee kama alivyoyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninunulia soda, hakunifukuza. Kisha akasema, "Mama Deo, mafundi wanaanza kesho." Nilikunywa ile soda yote kwa sababu ni dhambi kumwaga, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Walishuka bondeni alfajiri ya Jumatatu. Kabula alipita kunisalimia, kundi likisubiri barabarani. Aliniamkia, akanishika mikono, akasema, "Mama, wale wadogo wafundishe kuangalia pete, wasiangalie mpira." Nikamwambia nitawafundisha. Niliwafundisha, kandokando ya barabara, mpaka walipopungua mmoja mmoja. Habari zake nimezisikia vipande vipande, ameolewa, ana watoto, wengine wanasema yuko upande wa Mpanda. Msichana mrefu akiteremka kwenye basi huwa natazama mara ya pili.

Jezi zilikuja, nyekundu, nzuri sana.

Na lile jukwaa la mawe mnalokalia ni zuri, silisemi vibaya. Timu ilisajiliwa, ikapanda, ikashuka, klabu ipo mpaka leo na ninyi mna kazi. Ila mkikaa safu ya chini upande wa mashariki, karibu na kona, jueni mmekaa alipokuwa anasimama mfungaji.

Ile Jumatatu niliingia kazini kama kawaida. Roli likaja, ni yule dereva wa Ijumaa. Akasimama palepale, akachungulia dirishani, injini inanguruma.

"Mama, leo hamna mistari?"

Nilikuwa nimeshika kopo, limejaa. Sikuwa nimechora.

"Hamna, mwanangu," nikamwambia. "Pita. Mwaga tu."